Bonde Lisilo na Mwenyewe

Njombe, 6 Februari 2023

Babu yangu mpendwa,

Kamwene. Natumaini hujambo na magoti yanakuruhusu kutoka nje kuota jua, kama upepo wa Makambako haujalibeba jua lenyewe. Sisi huku wazima, ila ukungu wa asubuhi hii umekataa kuondoka mpaka saa nne. Mama anakusalimu sana. Viazi vyake mwaka huu vimekubali, na anasema ukimwambia tena kwamba hajui kulima atakutumia gunia lote ulimenye mwenyewe. Mdogo wangu Pendo matokeo yake yametoka, amepata daraja la pili, na tangu siku hiyo haoshi vyombo.

Najua simu huisikii, na ujumbe wa simu wewe unasema ni maandishi ya sisimizi. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua nampa kondakta wa basi, Shangazi Judith ataichukua stendi akitoka sokoni.

Sasa lililonifanya niandike. Nilikuambia nimepata kazi ya mkataba ya kupanga majalada ya zamani ya ardhi. Ni vumbi tupu, babu, napiga chafya mpaka wenzangu wamezoea. Jumanne nilifungua jalada la mwaka 1954, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Ndani kuna barua ya Kiingereza ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa enzi hizo, kwa wakubwa wake wa jimbo. Anasema wilaya ni kubwa, watu wanagombea mipaka kila wiki, na yeye hana mtu wa kumtuma. Anaomba afisa wa ardhi mmoja, wapimaji wawili, karani wa kutunza daftari, na watu wanne wa kushika cheni ya kupimia. Nilicheka peke yangu, maana hapa kwetu mpima ni mmoja, kijana anaitwa Emanuel, na barua ile angeweza kuisaini leo.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu: watu hakuna, tumia ulio nao. Na chini yake Bwana Shauri ameandika kwa mkono: "Nimemtuma tarishi wangu Yusto. Anajua kuandika na hachoki kutembea."

Babu, ni wewe? Nyumbani tumeambiwa siku zote kwamba ulikuwa unapeleka barua za serikali kwa baiskeli, basi. Hakuna aliyewahi kusema ulipima ardhi. Nina maswali kama ishirini lakini nitaanza na hilo moja.

Mjukuu wako,
Prisila


Makambako, 19 Februari 2023

Mke wangu Prisila,

Kamwene. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya samaki, sijui kondakta aliiweka wapi, lakini imesomeka. Nashukuru kwa habari za viazi. Mwambie mama yako gunia alilete, nina meno manne na yote yanafanya kazi. Pendo mpe pongezi, na vyombo aoshe.

Huku tunaendelea. Judith amebadilisha meza sokoni, sasa yuko karibu na reli na anasema wateja wa treni wanapenda vitunguu kuliko watu wengine. Mimi sijui mtu wa treni anafanya nini na kitunguu. Magoti yananisumbua kukiwa na mvua.

Ni kweli nilikuwa tarishi. Baiskeli yangu ilikuwa ya chuma kizito na haikuwa na breki ya nyuma, kwa hiyo nikishuka mlima wa Njombe kila mtu alijua nakuja. Siku moja niliingia katikati ya harusi na mfuko wa barua mgongoni, na wakanipa ugali kwa sababu walidhani nimetumwa na wakwe. Bwana Shauri alikuwa mtu wa maneno machache. Alipenda sana kalamu zichongwe vizuri, na asubuhi nilizichonga mimi.

Mambo ya kupima siyakumbuki vizuri. Wakati ule tulitumwa vitu vingi. Jalada lirudishe lilipokuwa, mke wangu, majalada ya zamani yana wadudu.

Mumeo mzee,
Yusto


Njombe, 3 Machi 2023

Babu,

Kamwene. Mama amefurahi kusikia una meno manne, alidhani ni matatu. Tuko salama. Mafua ya ofisini yamehamia nyumbani lakini tunakunywa tangawizi.

Umeniandikia harusi nzima na baiskeli isiyo na breki, halafu swali langu ukalipa mstari mmoja. Nimelea wadogo zangu, najua mtu anayeficha kitu anavyozungumza sana.

Jalada sijalirudisha. Nyuma ya zile barua kuna ramani iliyochorwa kwa mkono, ya bonde la Ilyamkuta, kijijini kwenu. Vilima vimechorwa, mashamba ya juu yamepewa namba, na kila namba ina jina la mwenyewe. Lakini bondeni kote, kuanzia daraja la miti mpaka kwenye makutano ya mito, pameandikwa maneno mawili tu ya Kiingereza, yaani hakuna mwenyewe. Namba saba zimekatwa katikati kwa kistari. Nimeiweka ramani pembeni ya barua yako ya mwezi uliopita. Babu, saba zako mpaka leo unazikata hivyo hivyo.

Ngoja nikueleze kwa nini nauliza, usidhani ni umbea mtupu, ingawa umbea upo. Kuna kampuni ya parachichi inataka bonde lile kwa ajili ya maji na miche. Wanawake wa Ilyamkuta wanalima vinyungu, bustani zao za bondeni, pale kila kiangazi, wewe unajua, ndipo chakula cha kuanzia Oktoba kinapotoka wakati maghala yamekwisha. Wameomba hati za kimila. Mwakilishi wa kampuni naye amekuja na nakala ya ramani hii hii na kusema, tazameni, tangu mkoloni bonde hili halina mwenyewe, kwa hiyo kijiji kinaweza kulitoa.

Wiki iliyopita alikuja Bibi Hulda, mjane, miaka yake sabini na minane. Ametembea na kupanda lori ili afike. Aliniuliza kama karatasi inaweza kusema kinyungu alichoachiwa na mama yake hakijawahi kuwepo. Anasomesha wajukuu wawili kwa mboga za pale. Nikamchemshia chai.

Mkutano wa kijiji utaamua tarehe 14 Juni. Wewe ndiye mtu pekee aliye hai aliyekuwepo. Ulichora wewe? Na kwa nini uliandika hakuna mwenyewe?

Prisila


Makambako, 20 Aprili 2023

Mke wangu,

Kamwene. Usikasirike kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu Pasaka ikaingia, halafu Judith akapoteza miwani yangu kwenye kapu la nyanya. Sasa nimepona. Wajukuu wa jirani walikuja kuniimbia siku ya Pasaka, sikusikia kitu lakini niliwapigia makofi walipofunga midomo.

Ramani nilichora mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Bwana Shauri alinionyesha ile orodha ya watu aliyoomba, akanionyesha na majibu, akacheka bila furaha. Akasema, Yusto, kuanzia leo wewe ndiye wapimaji wawili na karani mmoja. Alinifundisha kutumia dira kwa siku tatu nyuma ya ofisi. Akanipa cheni, fomu, na penseli. Washika cheni hakunipa, nilitakiwa niwapate huko huko niendako. Nilifurahi, Prisila. Nilinunua kofia.

Kuhusu bonde, ilikuwa mvua. Kulijaa maji, hakuna kilichoonekana wala mtu aliyeweza kushuka. Nikaandika nilichoona. Kosa ni la mvua. Mwambie huyo Bibi Hulda hivyo, na wasome hivyo mkutanoni.

Nimechoka kuandika.

Yusto


Njombe, 4 Mei 2023

Babu yangu,

Kamwene. Nafurahi umepona. Mama amekutumia dawa ya kuchua magoti pamoja na barua hii, na soksi za sufu kutoka Matamba, alizinunua kwa mfanyabiashara wa Makete aliyeapa kwamba haziishi. Pendo anaosha vyombo, nimesimamia mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipofika kwenye kofia nilicheka, halafu nikasikia uchungu. Nilikuona kabisa, kijana amevaa kofia mpya na dira mkononi.

Lakini ramani ina tarehe, babu. Kona ya chini kulia, kwa mkono wako: 11 Oktoba 1954. Nimekulia huku, najua bonde linavyokuwa Oktoba. Maji hakuna ya kumzuia hata kuku. Kuna mahindi mabichi, maharage na maboga, na kila mwanamke wa kijiji yuko pale ameinama. Ulisimama katikati ya mahindi ukaandika kwamba hakuna mwenyewe.

Sikuandikii ili kukushtaki. Nakupenda, na nikikosea adabu nisamehe. Nataka tu kujua, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Tangu nifungue jalada hili nakuwaza wewe zaidi kuliko nilivyowahi kukuwaza ulipokuwa unatupa pipi. Ningependa kumjua yule kijana, hata kama alifanya vibaya.

Ile habari ya mvua sitaipeleka mkutanoni. Wale wa kampuni wanaweza kusoma tarehe kama mimi. Wakiona shahidi wetu amedanganya, Bibi Hulda amekwisha.

Prisila


Makambako, 27 Mei 2023

Mke wangu Prisila,

Kamwene. Soksi zimefika, ni nzuri, moja ni ndefu kuliko nyingine. Judith anakusalimu. Wote wazima.

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Nilikukasirikia kidogo, halafu nikaona umenisema kwa heshima kuliko ninavyostahili.

Fomu ile ilikuwa na mahali pa jina la mwenye shamba, na pembeni yake namba ya stakabadhi ya kodi ya kichwa. Bila stakabadhi, jina halikuingia. Kule juu vilimani kazi ilikwenda vizuri, wanaume walikuja na stakabadhi zao wamezikunja kwenye mikebe. Tuliposhuka bondeni, nikauliza hivi ni vya nani. Wanaume wakasema, hivyo ni vya wanawake, sisi hatumo. Ilikuwa kweli. Kinyungu mwanamke alikipata kwa mama yake au mama mkwe wake, mumewe hakukigusa, hata kuomba boga aliomba kwa adabu. Nikawaambia basi tuandike jina la mume. Wakakataa. Waliogopa kwamba shamba la pili ni kodi ya pili, na wengine waliona aibu kuandikiwa mali ya mke.

Mwanamke halipi kodi, hana stakabadhi. Nilijaribu. Cha kwanza kabisa, pale darajani, niliandika Margareth mke wa Obed. Jioni nikapeleka karatasi kwa Bwana Shauri aliyekuwa amepiga kambi kanisani. Akalikata jina kwa penseli nyekundu, akasema fomu inataka mlipa kodi, kama hayupo andika hakuna. Kama angepewa wale watu aliowaomba, labda afisa wa ardhi angebishana naye. Mimi nilikuwa mchonga kalamu. Kesho yake niliandika hakuna, bonde zima, na niliandika haraka.

Nilijua ni uongo. Ndiyo maana nyumbani nimezungumzia baiskeli tu miaka yote hii.

Jana Judith alinipeleka kwa wakili hapa mjini. Nimekula kiapo, na hati ya kiapo iko kwenye bahasha hii ikiwa na muhuri. Nimeeleza yote. Nimeandika na majina ya wenye vinyungu, kuanzia darajani kwenda chini, jinsi nilivyowakuta siku ile. Yapo kumi na tisa. Usishangae kwamba nayakumbuka, hayajawahi kuniondoka. Wa nne ni mama yake Hulda, na kitoto kilichokuwa kinafukuza ndege pale pembeni nadhani ndiye yeye.

Mkutanoni siji. Magoti hayafai.

Yusto


Njombe, 18 Juni 2023

Babu,

Kamwene, na asante, na tena asante. Nyumbani hatujambo. Baridi ya mwaka huu imeunguza majani ya viazi vya mama lakini anasema hatakufa kwa hilo.

Mkutano ulifanyika shuleni, watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alimpa Emanuel, yule mpima wetu, hati yako aisome kwa sauti. Alipofika kwenye penseli nyekundu, akina mama waliguna wote pamoja. Alipoanza majina ndipo mambo yalipobadilika. Kila jina likisomwa, mtu alisimama. Mjukuu wa Margareth mke wa Obed alisimama. Mkwe wa yule wa pili alisimama. Jina la nne, Bibi Hulda alisimama akavua kitambaa cha kichwa, akasema ndiyo, nilikuwa nafukuza ndege. Alikuwa analia na hakujificha. Mimi nililia pia, na nilikuwa nimekaa meza ya wakubwa.

Mwakilishi wa kampuni aliinuka Emanuel alipoyaweka majina juu ya ramani. Kati ya jina la kumi na moja na la kumi na mbili pana pengo. Ni kinyungu kizima, ndicho kipana kuliko vyote, kipo pale mto unapokunja, na hakina jina. Mwakilishi akasema kama shahidi mwenyewe ameacha hapa wazi, basi hapa ni pa kijiji, na hapa panatosha kwa pampu. Pampu ikikaa hapo, babu, walioko chini hawapati maji. Hao ni nane, na bibi wa mwisho ana kitukuu mgongoni.

Wazee walitazamana. Mwishowe Bibi Hulda akasema anajua ni cha nani, lakini mwenye kulisema jina hilo ni yule aliyeliacha. Mwenyekiti ameahirisha mpaka tarehe 10 Julai ili upate nafasi ya kuongeza maelezo.

Mtu anayekumbuka wanawake kumi na tisa kwa miaka karibu sabini hamsahau wa ishirini. Sitakulazimisha. Lakini hati zote zinasubiri jina hilo moja.

Prisila


Makambako, 2 Julai 2023

Mke wangu,

Kamwene. Tuko wazima. Leo habari za nyumbani ni hizo tu.

Kinyungu hicho kilikuwa cha mama yangu, Ema binti Nahumu.

Nilikuambia sikupewa washika cheni. Siku ile nilipofika bondeni, mama aliweka jembe chini akasema, nipe mimi hiyo ncha. Aliishika kuanzia darajani, kinyungu hadi kinyungu, matope mpaka magotini. Alikuwa anafurahi. Aliwaambia wenzake kwamba serikali imemtuma mwanawe kuwaandika. Baba alikuwa kilimani, naye alikwisha kukataa kama wanaume wengine.

Tulipofika kwake siku ya pili, nilipima, nikaandika hakuna kama kwa wote. Mama akaja akasimama nyuma yangu, ile cheni bado mkononi. Akaniuliza, na mimi umeniandika? Nikasema, nimekuandika, mama. Akasema nionyeshe. Hakujua kusoma. Nilichukua kidole chake nikakiweka juu ya lile neno, naye akaligusa taratibu mara mbili, halafu akanichumia maboga ya kupeleka kwa Bwana Shauri.

Alikufa mwaka 1976. Mpaka mwisho aliwaambia watu kwamba jina lake liko kwenye karatasi ya serikali, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nasikiliza. Kwa wakili niliweza kusema nimewadanganya wanawake kumi na tisa. Hilo la mama sikuweza, nikaruka.

Usiliandike jina lake, wala Emanuel asiliandike. Siku ya mkutano Judith ananileta kwa basi la asubuhi, magoti yakitaka yasitake. Mwombe Bibi Hulda awepo, maana yeye alimwona mama siku ile. Nitaliandika mwenyewe, kwa mkono huu, halafu mnisomee kwa sauti kubwa, sikioni kabisa, nilisikie.

Yusto